Mvuke Tu? Safari ya Vepu hadi Kwenye Pochi ya Bi Harusi



Wiki mbili kabla ya Ramadhani alikuja kwetu bi harusi mtarajiwa kujaribu gauni. Harusi yake ilikuwa baada ya Idi, kama za wengi. Alipovua buibui na kutundika pochi, kikadondoka kitu cha rangi ya waridi, kirefu kama kidole, chenye mdomo bapa. Sisi tulidhani ni flashi ya kompyuta. Mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akichambua lesi, akakiokota, akakinusa, akasema, "Kinanukia embe," akamrudishia mwanawe. Hakuuliza zaidi.

Mama alipotoka nje kupokea simu, binti akatutazama kwenye kioo akatwambia kwa sauti ya chini, "Si sigara, dada. Ni mvuke tu."

Maneno hayo mawili, "mvuke tu", ndiyo yaliyotufanya tukae tukasome. Tulitaka kujua kidude hiki kimetoka wapi na kinafanyaje kazi, maana tumeshakiona kwenye makesha, kwenye mikoba ya skuli, na kwenye mizigo inayokuja na nguo kutoka Dubai. Tulichokikuta ni kwamba maneno ya binti yule ni ya zamani kuliko kidude chenyewe. Yana miaka zaidi ya 400.

Tuanze na kidude, kwa sababu historia yake haieleweki bila kujua kilichomo ndani.

Kila mmoja wetu anakijua chetezo. Cha makaa kinatoa moshi kwa sababu udi unaungua. Siku hizi kipo na cha umeme, ambacho hakina makaa: kuna bamba linapata moto, udi unapashwa, harufu inatoka. Vepu ni ndugu wa chetezo cha umeme. Ndani mna betri ya lithiamu, kama ya simu ila ndogo. Betri inaunganishwa na waya mwembamba uliozungushwa kama springi, na mara nyingi ni wa nikeli na kromiamu, wa ukoo mmoja na ule unaopasha moto pasi tunayopigia magauni. Kwenye waya huo kuna kipande cha pamba. Pamba inanyonya majimaji kama utambi wa kandili unavyonyonya mafuta ya taa. Mtu akivuta, kuna kihisio kinachotambua hewa inapita, kinaruhusu umeme, waya unapata moto ghafla, na majimaji kwenye pamba yanageuka wingu. Akiacha kuvuta, waya unapoa. Ndiyo maana haina haja ya kiberiti wala majivu.

Sasa hayo majimaji. Si maji ya mfereji. Mengi ni propileni glaikoli na gliserini ya mimea, na gliserini tunaijua sote, iko kwenye mafuta ya kupaka na kwenye sabuni. Huongezwa ladha: embe, mnanaa, pipi, sharubati. Na huongezwa nikotini, ile ile ya tumbaku. Kwa hiyo kinachotoka mdomoni si mvuke kama wa birika la chai. Ni matone madogo mno ya majimaji yale, yaliyosimama hewani kama ukungu. Gliserini inayofaa kwenye ngozi, au ladha inayofaa kwenye keki, haikuandaliwa kwenda kwenye pafu mara 200 kwa siku.

Hapa lazima tuwe waadilifu. Tofauti ya vepu na sigara ni ya kweli na ni kubwa. Ncha ya sigara inapovutwa hufika nyuzi 900 na kupita, na kule kuungua ndiko kunakozaa lami na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na kiasi cha 70 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Vepu haiunguzi jani. Hupasha majimaji kwa nyuzi 200 na kitu. Mambo mengi mabaya ya moshi hayamo, au yamo kidogo. Yaliyomo ni nikotini, chembe za madini kutoka kwenye waya, na kemikali kama formaldehaidi, hasa pamba ikikauka na waya ukazidi moto.

Tumbaku ilipofika India, mtu mmoja wa kasri aitwaye Asad Beg aliipeleka kwa mfalme Akbar kutoka Bijapur, miaka ya mwanzo ya 1600. Tabibu wa kasri hakuipenda. Husimuliwa kwamba ni hakimu mmoja wa huko aliyetoa rai kwamba, kama lazima watu wavute, basi moshi upite kwanza katika maji ili usafike. Iwe kisa hicho ni sahihi au kimetiwa chumvi, hilo ndilo wazo lililobeba shisha, au hukka kama wanavyoiita wao, kutoka India hadi Uajemi, Uturuki, Misri na Uarabuni: kwamba maji yanauchuja moshi. Maji yanaupoza moshi, na kwa kuwa umepoa, mtu anauvuta kwa wingi na kwa muda mrefu zaidi. Mwana wa Akbar, Jahangir, akaipiga tumbaku marufuku mwaka 1617. Sultani Murad wa Nne wa Uturuki akaipiga marufuku mwaka 1633, na yeye hakuwa na mchezo, watu walichinjwa. Haikukoma.

Masheikh nao waligawanyika. Wapo waliosema haramu tangu siku za mwanzo. Wapo waliosema makruhu, na wazee wetu wengi wa pwani tuliwasikia wakishika kauli hiyo. Na yupo mwanazuoni mkubwa wa Damascus, Abdulghani an-Nabulsi, aliyeandika kitabu kizima mwishoni mwa karne ya 17 kutetea uhalali wake. Tusimwone wa ajabu. Wakati wake hakukuwa na daktari aliyeweza kumwonesha pafu la mvutaji. Suali lilikuwa lile lile analouliza bi harusi wetu: madhara yako wapi, mbona ni moshi tu?

Tunaruka miaka mingi hapa, maana katikati ni biashara tu na mashine za kusokota sigara.

Mwaka 1929, siku ya Jumapili ya Pasaka, mjini New York, wasichana waliovaa vizuri walitokea kwenye maandamano ya mtaa wa Fifth Avenue, wakawasha sigara mbele ya wapiga picha. Wakati ule mwanamke kuvuta barabarani ilikuwa aibu huko Marekani. Magazeti yakaandika kana kwamba ni wanawake wamejiamulia kudai uhuru. Nyuma yake alikuwa mtu wa matangazo, Edward Bernays, aliyelipwa na kampuni ya American Tobacco. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa ikiwaambia wanawake wachague sigara badala ya kitu kitamu ili wabaki wembamba. Mwaka 1968 Philip Morris wakatoa sigara nyembamba na ndefu ya wanawake peke yao, Virginia Slims. Sisi tunaouza nguo tunaijua hesabu hiyo. Umbo, rangi na kioo vinauza kabla bidhaa haijafunguliwa.

Na katikati ya hayo yapo ya filta. Miaka ya 1950 madaktari walipoanza kuthibitisha kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu, kampuni hazikufunga milango. Zilileta filta, zikasema sasa moshi ni safi. Sigara ya Kent ilitoka mwaka 1952 na filta iliyosifiwa mno. Ndani ya filta hiyo, hadi mwaka 1956, mlikuwa na asbestosi. Tulisoma mara mbili kuhakikisha. Ndiyo, asbestosi, ile ya mabati ya zamani ambayo yenyewe inaleta saratani.

Sasa tufike kwa mtu wa kwanza aliyefikiria kuondoa moto kabisa. Aliitwa Herbert Gilbert, wa mji mdogo wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, mfanyabiashara wa vyuma chakavu na mvutaji mkubwa. Mwaka 1963 aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku, akaipata mwaka 1965. Yake ilipasha hewa yenye unyevu na ladha, na haikuwa na nikotini. Hakuna kampuni iliyoitengeneza ikaingia sokoni. Umeona lilipo jambo? Kifaa kilichokuwa na ladha bila nikotini kilibaki kwenye karatasi. Kilichokuja kuenea dunia nzima, miaka 40 baadaye, ni kilichokuwa nayo.

Hicho kilitoka China. Hon Lik alikuwa mfamasia wa Shenyang, kaskazini mashariki ya nchi, akivuta sigara kwa wingi. Alijaribu viraka vya nikotini vya kubandika ngozini, havikumtosheleza. Mwenyewe amesimulia kwamba usiku mmoja alisahau kutoa kiraka, akaota anazama baharini, na ghafla maji yakageuka ukungu. Baba yake pia alikuwa mvutaji, akafa kwa saratani ya mapafu. Mwaka 2003 Hon Lik akasajili kifaa chake, na mwaka 2004 kikaanza kuuzwa China kwa jina la Ruyan, maana yake "kama moshi". Cha kwanza hakikutumia waya wa moto kama wa leo, kilitikisa majimaji kwa mawimbi ya sauti hadi yakawa ukungu. Mwaka 2006 na 2007 vifaa hivi vikaanza kuingia Ulaya na Marekani.

Hatuoni sababu ya kumdharau mtu huyu. Alimzika baba yake, akatafuta njia. Ila yeye mwenyewe amekiri katika mahojiano kwamba sigara hakuziacha kabisa, alikuwa akivuta zote mbili. Na mwaka 2013 hataza zake zilinunuliwa na kampuni ya Imperial Tobacco kwa dola milioni 75. Kitu kilichozaliwa kumtoa mtu kwenye tumbaku kikaingia mikononi mwa wauza tumbaku ndani ya miaka kumi.

Mpaka hapo vepu ilikuwa zaidi ya watu wazima waliochoka na sigara. Ilikuwaje ikafika kwa msichana ambaye hajawahi kushika sigara maishani mwake?

Jibu moja kubwa ni kemia. Nikotini ya majimaji ya zamani ilikuwa kali, inakwaruza koo, mtu asiyezoea anakohoa na kukiacha. Mwaka 2005 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, James Monsees na Adam Bowen, waliwasilisha mradi wao wa kifaa mbadala cha sigara. Miaka kumi baadaye, 2015, walitoa kifaa kiitwacho Juul. Kilifanana na flashi ya kompyuta, na sasa mnajua kwa nini tulidanganyika siku ile. Kilitumia chumvi ya nikotini, yaani nikotini iliyochanganywa na asidi ya benzoiki. Mchanganyiko huo unaondoa ukali kooni. Mtu anaweza kuvuta nikotini nyingi asihisi kitu ila ladha ya tunda. Kidonge kimoja cha majimaji kiliandikwa asilimia 5, na kampuni yenyewe ilikilinganisha na pakiti moja ya sigara. Matangazo ya mwanzo yalikuwa na vijana warembo wanaocheza kwenye rangi za kung'aa.

Hii ndiyo sehemu tunayotaka dada zetu waisome taratibu. Ukali wa sigara ulikuwa mlinzi. Msichana akijaribu mara ya kwanza, mwili unakataa, anakohoa, machozi yanamtoka, na nguo zinanuka hadi mama anajua. Ladha ya embe na chumvi ya nikotini vimewaondoa walinzi wote wawili, koo na pua ya mama. Kilichobaki ndani ni kile kile kinachomfunga mtu. Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na ubongo wa mwanadamu unaendelea kukua hadi karibu miaka 25, kwa hiyo aliye chini ya hapo anafungwa upesi zaidi.

Mwaka 2018, mwezi wa Disemba, daktari mkuu wa serikali ya Marekani aliutangaza uvutaji wa vepu kwa vijana kuwa ni janga. Mwezi huo huo kampuni ya Altria ilinunua asilimia 35 ya Juul kwa dola bilioni 12.8. Altria ni jina jipya la Philip Morris, wale wale wa Virginia Slims. Mwaka 2019, katika kila wanafunzi 100 wa sekondari za juu za Marekani, 27 na zaidi walisema wamevuta vepu ndani ya siku 30.

Mwaka huo huo hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana wasioweza kupumua. Hadi Februari 2020 walihesabiwa wagonjwa 2,807 na vifo 68. Wengi walikuwa wametumia majimaji ya bangi ya magendo yaliyoongezwa mafuta ya vitamini E. Kwa hiyo si kweli kwamba kila vepu inaua kwa namna ile, na wanaosambaza picha za mapafu kwenye WhatsApp kwa kuwatisha watoto wajue hilo. Lakini funzo la kifundi lipo: vitamini E ukiimeza au ukiipaka usoni ni nzuri, ikiingia kwenye pafu ikawa hatari. Na anayenunua kidude kisicho na maelezo hawezi kujua kilichojazwa.

Kwa upande mwingine, Uingereza walikwenda njia yao. Mwaka 2015 taasisi yao ya afya ya umma ilitoa makadirio kwamba vepu ina madhara pungufu kwa kiasi cha asilimia 95 ukilinganisha na sigara. Wataalamu wengine waliyapinga kwa kuwa yalitokana na maoni ya jopo, si vipimo vya miaka mingi. Hata hivyo, madaktari wa huko humshauri mvutaji wa sigara ahamie vepu kabisa kama njia ya kuacha. Kwa mjomba aliyevuta pakiti moja kwa siku tangu ujana, hilo lina mantiki. Bi harusi wetu hakuwa anaacha chochote. Kwake vepu ndiyo ilikuwa mwanzo. Na hao hao Waingereza, tarehe 1 Juni 2025, walipiga marufuku uuzaji wa vepu za kutumia mara moja na kutupa, hizi za rangi rangi.

Nchi nyingine zilifunga mlango kabisa. Singapore iliharamisha hata kumiliki tangu 2018, India ikapiga marufuku biashara yake 2019, na Oman, ambako wengi wetu tuna shangazi na binamu, nako uuzaji umekatazwa. Na masheikh, safari hii hawakuhitaji karne nne. Baraza la fatwa la taifa la Malaysia lilitoa kauli ya haramu Disemba 2015. Muhammadiyah ya Indonesia wakatoa yao Januari 2020. Hoja zao ni zile tunazofundishwa madrasa: kutojidhuru, kutomdhuru mwenzio, na kutotupa mali. An-Nabulsi hakuwa na vipimo vya maabara. Hawa walikuwa navyo.

Binti alirudi wiki ya pili kwa ajili ya kupunguza mikono. Safari hii alikuja peke yake, na alikuwa na masuali mawili. La kwanza lilikuwa la mimba, maana somo wake alishamwambia ajiandae mapema. Tulimweleza tuliyoyasoma, kwamba nikotini inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, inadhuru ubongo na mapafu yake yanapokua, iwe imetoka kwenye sigara au kwenye embe. Tukamsisitiza amuone daktari, kwa sababu sisi ni mafundi cherehani. La pili lilikuwa la saumu. Tulimpeleka kwa ustadhati wake, naye alimjibu kwamba kinachovutwa kwa makusudi kikaingia ndani kinafunguza, na jina la mvuke halikibadilishi. Tulimuuliza kidude chake kimeandikwa asilimia ngapi. Hakujua. Usiku akatutumia picha ya boksi. Asilimia 5.

Ramadhani tatu alitupigia simu baada ya tarawehe. Alisema adhuhuri kichwa kilimuuma hadi akalala, mikono ilikuwa ikitetemeka, na alimkaripia mdogo wake hadi akalia, kwa sababu ya kijiko. Mwanzo alidhani ni njaa. Kisha akakumbuka kwamba miaka yote amefunga tangu ana miaka tisa, na njaa hajawahi kuihisi mikononi. Hapo ndipo aliposema mwenyewe, "Dada, kumbe kimenishika." Tulimwambia siku tatu za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, na mengi hupungua ndani ya wiki chache. Akasema basi kama mchana anaweza, atajaribu na usiku.

Alikuja kuchukua gauni siku ya 27, na mama yake. Halikumtosha kiunoni. Kila hamu ikimjia baada ya futari alikuwa akila visheti, alituambia huku akicheka, na mama akasema tangu lini huyu anapenda visheti. Tulikuwa tumeacha akiba ya mshono, tukalitoa inchi moja, akavaa.